Kipimo cha Saa Kumi na Mbili

Mumeanza tena. Kila mukikosa la kufanya munakuja kukalia mifuko yangu ya makala, haya makaa ya kuuza, munasema, "Koko, bibi yetu, tuambie ile ya Guylain." Guylain mwenyewe yuko hai, ana mudomo, muendeeni. Hamutaki, sivyo? Munaogopa kumukuta ile saa yake. Haya, nitaisema leo, na atakayenikatiza atanyanyuka hapa na mufuko mukubwa kichwani. Shule niliiacha mwaka wa pili, kwa hiyo mambo ya mashini nitayasema kama nilivyoambiwa. Yakiwa yamepinda, yamepindia njiani.

Ilikuwa Jumatatu, jua linazama. Guylain alitoka nyumbani kwake hapa Katoyi, mutaa wetu wa Goma, kwenda kununua mishumaa miwili, maana umeme ulikuwa umeenda kutembea tena. Alikuwa anarudi, mishumaa kwapani, simu ikatetemeka mufukoni. Mesaji.

"Saa kumi na mbili. Sentimetre 34. Munguakonkwa."

Akasimama katikati ya njia. Pikipiki ikamupitia karibu na kiwiko, motari akageuka kumutukana: "Papa, umepandwa hapo kama nguzo?" Guylain hakusikia. Alisoma ile mesaji mara ya pili, halafu ya tatu, kama mutu anayetumaini herufi zitabadilika zenyewe.

Muzee Munguakonkwa alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita.

Na ile 34... haikutoka ziwani. Ilitoka mezani kwa Guylain.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ubaya ulipo. Guylain alikuwa kijana wa biro moja, ofisi ya kuchunguza ziwa letu Kivu. Biro hiyo ilipata programu ya mashini ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wa baharini. Ndani ya mashini unaliona ziwa zima, maji yanatembea, upepo unapiga. Lakini mashini haina macho. Lazima mutu aiambie, pale ukingoni, maji yamesimama wapi leo. Kwa hiyo biro ilipanda bamba la chuma lenye namba ziwani, upande wa kijiji cha Lac Vert, wakaliita fimbo. Muzee Munguakonkwa, Mushi, mutu wa kabila la Bashi, mutulivu, mwenye buti za njano, alikuwa analisoma saa kumi na mbili ya asubuhi na saa kumi na mbili ya jioni. Anaandika kwenye kaye, daftari lake, anatuma mesaji kwa Guylain, Guylain anaiingiza kwenye mashini. Miaka kumi na moja muzee hakuruka siku hata moja. Hata siku ya ubatizo wa mujukuu wake alitoka misa ikiwa katikati.

Asubuhi moja walimukuta amelala kifudifudi mita chache kutoka kwenye fimbo, ndani ya shimo la mawe ya volkano. Mazuku. Munaijua mazuku: hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kujaa mahali pa chini kama maji, bila rangi, bila harufu. Mbuzi anainama kula jani, haamki tena. Muzee aliinama kuokota biki yake ya kuandikia.

Guylain ndiye aliyetumwa na biro kuchukua kaye. Akaichukua. Ku kilio hakuenda. Mutu mwingine wa kusoma fimbo hakumutafuta, na kwenda mwenyewe hadi Lac Vert mara mbili kwa siku, eh, ile ni kazi ya watu wenye buti. Wiki tatu hakuandika kitu. Halafu alifanya nini? Ile programu ilikuwa imekuja na orodha ya mufano, vipimo vya maji ya bahari fulani, mwezi muzima umejaa. Akazichukua namba zile, akaziweka mahali pa ziwa letu. Kila mustari akautia jina: Munguakonkwa, Munguakonkwa, Munguakonkwa. Mwezi wote, hata siku ambazo zilikuwa hazijafika.

Bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mwezi ukijaa, inapanda zaidi. Ziwa letu halina tabia hiyo. Basi ndani ya mashini Kivu ikaanza kupumua. Mukubwa wa biro, Papa Bahizire, akaona, akashika kichwa: "Hii programu ya bahari ina kosa pale ukingoni. Guylain, litafute, ulitengeneze. Nakupa wiki mbili, Ijumaa jioni nalitaka ziwa langu limetulia."

Muone shetani alivyo na mizaha. Mutu akapewa kazi ya kutafuta kosa ambalo ni yeye. Wiki mbili alikaa anafungua na kufunga mashini, anakunja uso, anasema "nakaribia, Papa, nakaribia."

Sasa turudi pale njiani.

Alifika nyumbani anatweta. Muke wake, Nshobole, mushonaji wa nguo, alikuwa anapiga magoti karibu na meza.

"Kuku amekufa," akasema. "Amekalia mayai yake, amekufa. Mayai yangali ya moto."

"Alikula nini?"

"Ningejua ningekuambia? Leta mwanga."

Guylain akawasha mushumaa, akauteremsha chini ya meza. Ukazimika.

Akawasha tena. Ulipokuwa usawa wa kiuno uliwaka vizuri. Akauteremsha polepole... polepole...

Pf.

Hapakuwa na upepo. Akauinua, akawasha, akauteremsha. Pf. Palepale. Utadhani kulikuwa na maji ambayo jicho haliyaoni. Akachukua utepe wa Nshobole wa kupimia nguo, akausimamisha kutoka sakafuni.

Thelathini na nne.

Pembeni, mutoto wao Emerance, wa miaka sita, alikuwa anavuta godoro lake. Godoro la chini. Alikuwa anajiandaa kulala.

Guylain alimunyakua kwa mukono mumoja kama mutu anayeokoa nguo kwenye mvua.

"Ni mazuku," Nshobole akanong'ona. "Mungu wangu. Huku Katoyi, tangu lini?"

Guylain akageuza kichwa. Alikuwa anasikia kitu nje, upande wa ukuta wa mawe. Buti zenye maji ndani, zinatembea pole pole.

Chwapu... chwapu... chwapu...

Baada ya robo saa mushumaa uliwaka mpaka chini kabisa. Hewa ikawa hewa. Kuku tu ndiye hakurudi.

Jumanne asubuhi kidogo, jioni zaidi. "Sentimetre 58. Munguakonkwa." Mushumaa ulizimika usawa wa kitanda. Jumatano, 81. Guylain alifungua orodha yake kwenye mashini. Ndizo. Namba kwa namba. Akateremka mustari kwa mustari mpaka Ijumaa, siku ambayo mwezi ungejaa.

140.

Akaenda kumusimamisha Emerance kwenye mulango, akapima kutoka kisigino hadi utosini. Mutoto akacheka, akadhani anashonewa nguo.

Sentimetre mia moja na tisa.

Mutauliza kwa nini hawakumupeleka mutoto mahali pengine. Mulidhani walikuwa wajinga? Jumatano ileile, kabla ya jioni, walikuwa wamemuleta kwangu, upande huu wa ukuta. Nilimukalisha juu ya mifuko hii hii. Saa kumi na mbili ilipogonga, taa yangu iliyokuwa chini ilizimika, na mimi nikaanza kuona nyota. Jirani wa upande wa pili, hakuna kitu. Nyumba ya Guylain nayo, siku hiyo, mwenyewe akiwa ndani, mushumaa uliwaka sakafuni mpaka ukaisha.

Haikuwa nyumba. Haikuwa baba. Ilikuwa inamufuata mutoto.

Nilipomuambia Guylain hivyo akaanza kutazama vidole vya mutoto. Nshobole akamutazama.

"Papa Emerance. Unajua kitu."

"Hapana."

"Unajua. Naona masikio yako. Mutoto wangu amefanya nini?"

Ndipo akasema. Ile jioni aliyojaza orodha, mashini ya biro ikiwa nyumbani, Emerance alikuwa amemukalia mapajani, analia anataka kucheza na mashini. Baba akaona ni njia nzuri ya kumunyamazisha: yeye anasoma namba, mutoto anabonyeza. Moja, nne, sufuri. Mutoto alifurahi, alikuwa anajifunza namba shuleni. Mwezi muzima wa maji ya uongo, chini ya jina la mufu, vidole vilivyoandika vilikuwa vya mutoto wa miaka sita.

Nshobole hakupiga kelele. Alichukua makasi yake makubwa ya kushonea, akayaweka mezani mbele ya bwana yake, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Kaifute."

Alifuta. Alhamisi asubuhi alifuta mistari yote, akaweka namba moja tulivu kila mahali, na ziwa ndani ya mashini likalala kama supu baridi. Papa Bahizire akamupiga begani: "Ona sasa! Uliona kosa lilikuwa wapi?" Guylain akasema kosa lilikuwa ukingoni. Hapo hakudanganya sana.

Simu ikatetemeka.

"Ninasoma kama mulivyoandika. Jioni 104. Munguakonkwa."

Aliacha mashini inawaka, akatoka mbio, akapanda pikipiki hadi Lac Vert, nyumbani kwa mujane.

Mama Aksanti alikuwa anaanika sambaza, samaki wale wadogo, juu ya bati. Hakumukaribisha kiti.

"Wewe njo ule Guylain wa biro."

"Njo miye, Mama."

"Hukukuja ku kilio."

"Kazi ilikuwa mingi, Mama."

"Kazi." Aligeuza sambaza, mumoja mumoja. "Kazi ulimuachia yeye. Nyumba hii, mutu akikufa, siku ya kuondoa kilio tunaleta kifaa cha kazi yake mbele ya watu. Mukulima, jembe lake. Mushonaji, sindano. Tunasema: umetosha, pumuzika. Halafu mutu muzima anakishika kwa mukono wake mbele ya wote, kazi inahama. Bwana yangu kifaa chake kilikuwa ile kaye. Jumapili iliyopita tulikaa tunaingoja toka asubuhi hata jua likaanguka. Watu walikula, wakaenda. Kaye ilikuwa kwako."

"Mama, sikujua..."

"Haukuuliza. Njoo uone."

Akamupeleka nyuma ya mulango. Buti za njano zilikuwa zimesimama pale. Ndani maji yalijaa hadi kwenye kifundo, na majani ya ziwani yanaelea juu yake.

"Kila asubuhi namwaga, nazifuta, nazianika," mujane akasema. "Saa kumi na mbili inapita, zimejaa. Unamuita kazini kila siku, Guylain. Jina lake likiitwa, anaitika. Ndivyo alivyokuwa. Wewe unafikiri atalala namna gani?"

Guylain aliuliza simu ya muzee iko wapi. Mama Aksanti akafungua sanduku. Simu ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cha misa, nyuma wazi, haina betri.

"Nifanye nini, Mama?"

"Unaniuliza miye? Miye niko na sambaza." Akafunga sanduku. "Kesho saa yake. Na kaye. Usome ile iko pale, uandike kwa mukono wako. Na chini yake si jina lake tena."

"Jina la nani?"

Akamutazama kwa muda murefu, mupaka Guylain akaangalia chini.

Alhamisi jioni Nshobole alimuweka Emerance juu ya meza, mushumaa ukazimika kwenye kifua cha mama. Mutoto akasema kichwa kinamuuma. Akasema tena: "Mama, kuna babu mulangoni, nguo zake zimelowa. Ananiuliza kama ni mimi niliandika."

"Ukamuambia nini?"

"Nikasema ndiyo. Andiko langu ni zuri?"

Usiku ule hakuna aliyelala, na mimi sitaki kuusimulia.

Ijumaa. Mwezi ulitoka juu ya maji kabla jua halijamaliza kuzama, mukubwa, mwekundu, kama jicho la mugonjwa. Guylain aliteremka kwenye mawe ya volkano na kaye chini ya shati, simu mukononi, laini wazi. Upande wa pili alikuwa Nshobole.

"Niko naye karibu na meza," akasema Nshobole. "Nimemubeba mabegani. Mushumaa naushika mukononi."

"Unawaka?"

"Unawaka. Uko wapi?"

"Karibu."

Wavuvi walikuwa tayari wamesukuma mitumbwi, nyimbo zao zinasikika kwa mbali. Halafu zikakatika, zote kwa mara moja, kama mutu amefunga mulango. Akaiona fimbo. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Ili kusoma namba lazima uingie ndani hadi magotini. Akaingia. Maji yalikuwa na joto lisilo la kawaida, kama maji ya kuoga yaliyoachwa na mutu mwingine.

Chwapu.

Hakugeuka.

Chwapu... chwapu...

Kitu kikasimama kushoto kwake, karibu sana. Harufu ya mupira wa buti, na tumbaku, na udongo mubichi.

"Umechelewa wiki sita," sauti ikanong'ona.

Kwenye simu: "Guylain! Umezimika kwenye kiuno. Nimewasha tena, umezimika kwenye kifua. Inapanda!"

"Soma, mwanangu," sauti ikasema.

Guylain aliinamisha uso. Namba za bamba zilikuwa zinacheza machoni. Aliona 140. Aliniapia kwamba aliiona, maji yamefika juu ya kichwa cha fimbo na yeye mwenyewe amezama ndani yake. Miguu ikamuambia kimbia. Akafumba macho, akanyoosha mukono, akashika chuma, akateremsha vidole kwenye baridi yake mpaka vikakutana na maji ya kweli. Akafumbua.

"Ishirini na mbili," akasema.

"Mimi nimeandikiwa mia moja na arobaini."

"Ni uongo, muzee. Ni mimi."

"Mukono ni wa mutoto."

"Mutoto alibonyeza. Mudomo ulikuwa wangu."

Simu: "Kwenye shingo yangu! Emerance ananiinamia, anakohoa... Emerance, inua kichwa, mama, inua kichwa..."

Kaye ilikuwa imelowa. Biki ikakataa kuandika. Alisugua ncha yake kwenye jino, akasugua tena, wino ukatoka. Tarehe. Saa kumi na mbili jioni. 22. Kwenye nafasi ya jina mukono ukaganda, maana alielewa sasa jicho la mujane lilikuwa linasema nini: atakayeandika jina, kazi imemuhamia.

"Andika," sauti ikasema, bila hasira. Sauti ya mutu aliyechoka tu. "Nataka kwenda kulala."

Kwenye simu hapakuwa na maneno tena. Palikuwa na mutu anatafuta pumuzi.

Akaandika. Guylain Paluku, herufi zote.

Maji yakamupita magotini, kuelekea ndani, kama wakati mutu muzito anatoka kwenye maji karibu nawe. Ile harufu ikaondoka. Wavuvi wakaanza kuimba palepale walipokuwa wameachia.

Na kwenye simu, mutoto akalia. Kilio kizuri, kikali, cha kuudhi majirani. Mimi nilikuwa upande huu wa ukuta na mikono kichwani, nilikisikia kwa masikio yangu.

Wiki iliyofuata wakaja mabwana wenye vyombo vya kunusa hewa. Wakakuta ufa mwembamba kwenye mwamba chini ya nyumba ya Guylain, wakasema hewa mbaya ilipandia pale, wakamwaga simenti. Wakapewa fanta, wakashukuriwa. Nikawauliza ufa ule ulijuaje kuhesabu sentimetre, na ulirukaje ukuta kumufuata mutoto kwangu. Mumoja akaniambia, "Mama, haya mambo ni ya kisayansi." Nikamuambia amalize fanta.

Kwa Mama Aksanti buti zilikauka. Siku ya pili alizikuta mulangoni kwa nje, zimegeuzwa ncha kuelekea njiani. Akazituma kwa Guylain. Zinamubana kidogo.

Basi, munataka kujua alilipa nini. Papa Bahizire alitaka kumutuma Kisangani kufundisha wengine ile programu. Guylain akakataa, hakusema kwa nini, akapelekwa mwingine. Mara moja alipata homa kali, akamuomba rafiki yake Donat asome fimbo kwa niaba yake. Donat alisoma vizuri, aliandika vizuri. Jioni hiyo mushumaa wa Emerance ulizimika usawa wa kifundo cha muguu. Tangu hapo anaenda mwenyewe, homa au mvua.

Hayo yote yalikuwa madogo. Mwaka jana, mwezi wa nane, walimupigia kutoka Butembo. Mama yake, Kahindo, aliyemubeba mugongoni akiuza viazi sokoni, alikuwa amefariki. Na Butembo, mutu hawezi kuondoka Goma asubuhi akarudi kabla ya jioni. Guylain ndiye mutoto pekee. Walimungoja siku nne na maiti, wanapiga simu, "Uko njiani?" Wakamaliza kungoja. Wakamuzika jioni.

Saa walipokuwa wanamuteremsha, mutoto wake wa pekee alikuwa amesimama ziwani hadi magotini, ndani ya buti za mutu mwingine, anasoma namba.

Ishirini na tano. Nimeiona kwenye kaye. Wino umetapakaa pale.